Kuinua Nani

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Niwie radhi kwa ukimya huu mrefu. Barua yako ya mwisho ilifika kabla mwaka haujaisha, na najua tangu hapo umekuwa ukifungua sanduku la barua huku ukininung'unikia. Sina kisingizio cha maana. Kila niliposhika kalamu, kitu kiliniita chumba cha pili.

Sisi hatujambo. Binti yetu yuko chuoni, mwaka wa mwisho, na hutukumbuka akiishiwa. Kazini tumepata kazi kubwa ya kushona sare za wauguzi, zote za kijani, mpaka nikifumba macho naona kijani. Msimamizi amenipa cherehani mpya inayokwenda mbio kuliko mawazo yangu. Juma la kwanza nilishona mfuko wa sare moja kwenye sare nyingine, zikatoka zimeshikana kama mapacha. Mume wangu hajambo, anakusalimu. Amepumzika.

Sasa nikuambie linalonisumbua. Nataka kuanza mazoezi ya viungo. Usicheke. Mbele ya karakana yetu, juu ya duka la magodoro, kuna ukumbi wa mazoezi. Wanasema anayeanza ana njia mbili: aingie ahangaike na vyuma peke yake, au achukue mwalimu wa mazoezi wa kumsimamia yeye tu. Wenzangu wa cherehani wamegawanyika. Mmoja anasema mwalimu ni wa watu wasiojua kuhesabu hadi kumi. Mwingine anasema dada yake alianza bila mwalimu akateguka bega, na hadi leo hawezi kufunga vifungo vya mgongoni. Mimi sijui nimsikilize nani. Nimekufikiria wewe kwa kuwa umekuwa mwalimu maisha yako yote. Wewe utajua lini mtu anahitaji mwalimu, na lini anahitaji kuacha uvivu tu.

Sababu ni kwamba mwili umekuwa mzito. Nakaa kitako masaa mengi.

Nijibu, tafadhali, hata kama ni kwa kunigombeza.

Mwanao,
Sindano


27 Februari

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Radhi umepata, ingawa umeichelewa. Wala sinung'uniki sandukuni: barua zangu huniletea mlangoni mchonga funguo wa duka la chini, ambaye hupanda ngazi kwa miguu mizuri.

Hapa ni salama. Mchonga funguo mwenyewe alijifungia nje ya duka lake juzi. Nilimtazama kutoka dirishani akihangaika na kitasa kile kile anachowasifia wateja kwamba hakuna mwizi atakayekiweza. Na kweli hakikuwezekana; alivunja dirisha. Shule ya ng'ambo ya barabara imepaka ukuta rangi na kuandika bango jipya: "Karibuni wote wanao kuja." Neno moja wamelikata mawili. Naliona kila asubuhi nikinywa chai, na chai inachacha mdomoni. Angelipaka mumeo, ningemwambia, naye angelifuta papo hapo, kama alivyofanya siku ile tulipojuana, yeye akiwa juu ya ngazi na ndoo yake, mimi chini nikimpigia kelele juu ya kiambishi.

Kuhusu mwalimu wa mazoezi: usimchukue. Anayeanza hahitaji kusimamiwa, anahitaji kuanza. Keti kitini, simama bila kushika meza, keti tena. Nenda kazini kwa miguu. Hayo yakikushinda ndipo tuzungumze. Usidhani naudharau ualimu, umenilisha. Lakini kila mzazi aliyeniletea mtoto nilimuuliza kwanza: unataka ajue nini? Waliojibu "ajue tu", watoto wao hawakujua kitu. Na wewe barua yako inasema tu kwamba mwili umekuwa mzito. Mwili ninaoujua mimi ni ule ulionifanya nikuite Sindano. Unataka kufundishwa nini hasa? Hujasema.

Tena, hakuna "masaa". Ni saa. Saa moja, saa nyingi. Nilidhani hilo tulilimaliza ulipokuwa na meno ya utoto.

Barua zako zote huwa na mstari wa mwisho wa mumeo, kwa zile herufi zake nene za bango. Hii haina. Mwambie nimeona.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Umenikuta nimechelewa tena. Kuhusu masaa nimekoma. Sasa nakaa kitako saa nyingi, na kiuno hakijaona tofauti.

Binti yetu amefaulu mtihani wa kati na anataka viatu. Sare za kijani bado. Mume wangu hajambo. Hakuandika mstari wake kwa sababu siku ile kalamu haikuonekana.

Nilikufuata, Shangazi. Nilisimama na kuketi, nikaenda kazini kwa miguu. Nikaona haitoshi, nikaanza kuinua marobota ya vitambaa pale karakana, mpaka wenzangu wakauliza kama nimeomba kazi ya upagazi. Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja, nimeshamaliza kumkalisha mume wangu, nikainama kuokota kandambili, na kiuno kikakatika kama uzi mbovu. Juma zima nilitembea nimejikunja kama mundu.

Basi nikaona nipande kule juu ya duka la magodoro, angalau niulize. Mwalimu wa mazoezi ni mwanamume wa umri wangu, kipara, shingo imezama mabegani kama kizibo. Akaniambia mwezi wa kwanza ni wa kuonja. Akatoa utepe wa kupimia, akauzungusha juu ya gauni.

"Utepe wako umejikunja mgongoni," nikamwambia. "Na hapo umepima mkanda wa gauni, hujanipima mimi."

"Mama, mimi ndiye mwalimu."

"Na mimi ndiye fundi. Lete hapa."

Nikajipima mwenyewe. Akaandika bila kubisha, kisha akauliza, "Lengo lako?"

"Kupungua."

Akanitazama juu hadi chini. "Kupungua wapi?"

Nikasema popote.

Tangu siku hiyo ananipandisha kwenye mashine ya kukimbilia, naniambia nipunguze chakula cha jioni. Nakimbia sifiki. Nimepungua kweli, na nguvu nazo zimepungua. Mwezi wa kuonja ukiisha atataka kujua kama naendelea naye au la. Mtu mwema, hanidharau. Lakini sijui kama ananifaa, au kama mimi ndiye nisiyefaa. Nisemeje?

Mwanao,
Sindano


14 Aprili

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Leo sina habari za jirani.

Umeandika "naniambia" mahali pa "na kuniambia". Hilo nimelisamehe, kwa sababu yako mengine mawili.

La kwanza: nyumba ya mwandishi wa mabango imekosa kalamu. Nimeirudia sentensi hiyo, haisomeki.

La pili: umeandika "kumkalisha mume wangu". Mtu mzima hukaa. Anayekalishwa ni mtoto, au mgeni wa heshima, au mgonjwa. Mumeo si mtoto, na nyumbani kwake si mgeni.

Sikuulizi kwa udadisi. Nilimshika mkono baba yako alipokuwa akijifunza kutembea, nikakushika na wewe baada yake, na sitaki kuyajua mambo ya nyumba yako kwa kubahatisha vitenzi. Niambie, au niambie kwamba hutaniambia. Yote mawili nitayapokea. Kama ni kalamu, nimeweka moja ndani ya bahasha hii.

Shangazi yako


30 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kalamu ilifika, na ndiyo hii. Barua hii nimeianza mara nyingi na kuikunja.

Binti yetu hajambo, ameshapata viatu.

Umeona sawasawa. Mwaka jana, mwezi wa kumi na moja, mume wangu alikuwa akipaka bango la duka la miwani. Aliteremka ngazi mwenyewe, akaketi juu ya ndoo ya rangi, akamwambia mwenye duka kwamba mkono wa kulia umelala. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa, akarudi. Anazungumza, polepole, na akili zake zote ziko pale pale. Ila mkono hauandiki, na mguu unasimama ukitaka wenyewe.

Alinikataza nisikuambie. "Mwambie yeyote," alisema, "ila Shangazi yako asijue. Yule amenizoea juu ya ngazi." Ndiyo maana ya ukimya ule. Kukuandikia uongo sikutaka, na kweli nilikatazwa.

Kila asubuhi kabla ya kazi namtoa kitandani hadi kwenye kiti, kutoka kiti hadi bafuni, kutoka bafuni hadi kiti tena. Jioni narudia. Unamjua alivyo mkubwa; milango ya nyumba hii hupita kwa ubavu. Na kiuno changu hakikukatika kwa kandambili. Tulianguka, Shangazi, wote wawili, kati ya kitanda na kiti. Tulilala pale sakafuni tukacheka, maana alisema, "Sindano imekatikia kwenye jinzi." Kisha tukajaribu kuinuka tukashindwa, na kicheko kikaisha. Nikagonga ukuta mpaka jirani akasikia.

Tangu siku hiyo shemeji, kaka yake mkubwa, anataka kumchukua. Ana vijana watatu wenye misuli na nyumba isiyo na kizingiti hata kimoja. Si mtu mbaya. Ningekuwa mahali pake ningesema hivyo hivyo. Amesema atangoja hadi mwisho wa mwaka. Akiona bado siwezi kumwinua mwenzangu bila kumwangusha, atakuja na gari. Kwao ni mbali. Nitakuwa mtu wa kwenda kumtembelea mume wangu. Na yeye anasema yuko tayari kwenda, kwa sauti ile ile anayosemea kwamba ameshiba wakati sahani imejaa.

Hiyo ndiyo sababu ya mazoezi. Mwalimu hajui. Amekubali kuwa nami mwezi kwa mwezi, na kila nikitaka kumwambia, naona nitalia juu ya mashine mbele ya watu wenye fulana za jasho. Basi nakimbia, naye ananipongeza kwamba napungua.

Nimesema yangu, sasa nikuulize yako. Bango la shule unaliona dirishani. Mchonga funguo unamwona dirishani. Barua unaletewa mlangoni. Lini ulishuka ngazi mara ya mwisho?

Mwanao,
Sindano


24 Juni

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu barua za mwanzo nilizichana. Zilikuwa na maneno mengi ya huruma, na maneno mengi ya huruma huharibu sentensi.

Mwambie mumeo nimejua. Mwambie pia kwamba mimi nilimheshimu kwa tahajia, si kwa ngazi.

Februari nilikuambia usichukue mwalimu, na kwa swali uliloniuliza jibu lilikuwa sahihi. Swali lenyewe ndilo halikuwa lako. Mtu anayetaka kupungua anaweza kujipunguza. Lakini mtu anayetaka kumwinua mwenzake, asimvunje wala asivunjike, anahitaji jicho la pili, kwa kuwa hakuna anayeweza kuutazama mgongo wake mwenyewe akiwa ameinama. Mchukue mwalimu.

Ila umwambie. Nilikufundisha kwamba kuinua ni kitenzi elekezi: hakisimami bila yambwa, yaani yule anayetendwa. Kuinua nini? Kuinua nani? Wewe umekwenda kwa mtu wa watu, ukameza kitenzi na yambwa yake pamoja, ukamwachia "popote". Angefanya nini? Amekupandisha kwenye mashine inayokwenda popote. Sioni kosa lake.

Ukilia mbele ya watu wenye jasho, hakuna atakayetofautisha.

Kuhusu dirisha langu: ngazi za nyumba hii zimeongezeka. Nilishuka mara ya mwisho kabla ya barua yako ya Februari. Mada hiyo imefungwa.

Shangazi yako


20 Julai

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mada imefungwa, lakini mlango wake haukufungwa na mchonga funguo, kwa hiyo nitaurudia.

Sare za kijani zimekwisha. Sasa ni za madereva, rangi ya udongo. Binti yetu anakuja likizo, hajui kwamba nitampa kazi.

Nimemwambia mwalimu. Nilimwambia nikiwa juu ya mashine, pumzi imenikatika, ili nisipate nafasi ya kuremba. Akaizima. Nikaendelea kukimbia hatua kadhaa juu ya mkanda uliosimama, mpaka akanishika kiwiko.

"Mama, miezi yote hii nimekukimbiza. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Popote."

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniuliza lengo. Hukuniuliza sababu."

"Basi tumekosea wote," akasema, akaketi juu ya benchi la vyuma, akakuna kipara. Akaniambia wazi kwamba vyuma anavijua, mgonjwa hamjui, na kwamba hatanigusisha uzito wowote kabla hatujaenda kwa yule mtaalamu wa viungo aliyemtibu mume wangu hospitalini. Tukaenda pamoja. Mtaalamu akatuonyesha, na mwalimu akajifanya mgonjwa. Alizidisha mno, akalegea na kuguna, mpaka mtaalamu akamwambia mgonjwa wa kweli hapigi kelele hivyo.

Sasa sikimbii. Nachuchumaa na kuinuka, mgongo umenyooka, mguu mmoja mbele. Nainua mifuko ya mchanga kutoka kwenye benchi. Nimeruhusiwa kula jioni. Kiuno kimeanza kunitii, na asubuhi namtoa mume wangu kitandani bila kuuma meno.

Ila mwalimu anasema mfuko wa mchanga hauogopi, na mtu huogopa, na akiogopa hukaza mwili. Lazima tujifunze mimi na mume wangu pamoja, nyumbani, kwenye kitanda chetu na kiti chetu. Nikaamua aje. Nikampangia Jumamosi. Ijumaa jioni nikamwarifu mume wangu akiwa anakula.

Akaweka kijiko chini. "Unaleta mtu nyumbani kwangu anishike kwapa?"

"Anakuja kunifundisha mimi."

"Kwa kutumia nini?"

Nikamwongezea mchuzi.

"Sema, Sindano. Kwa kutumia nini?"

"Kwa kutumia wewe."

"Mimi si mfuko wa mchanga."

Tangu hapo hasemi nami ila habari za chai: imepoa, haijapoa. Mwalimu alifika Jumamosi akaishia mlangoni. Shemeji alipiga simu akasema kama mwenyewe hataki, nang'ang'ania nini. Nimemwogesha, nimemlisha, nimempigania kwa kaka yake, nimejenga mabega kama ya kuli kwa ajili yake, naye ananigeuzia uso. Niambie, Shangazi, nimekosea wapi? Nimwache aende?

Mwanao,
Sindano


6 Agosti

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako kama nilivyokuwa nikisoma insha, kwa kupigia mstari.

Mumeo yumo katika sentensi nyingi. Anatolewa kitandani, anaogeshwa, analishwa, anapiganiwa, anapangiwa Jumamosi, anaarifiwa. Nimetafuta mahali ambapo yeye ndiye mtenda. Nimepata mahali pamoja tu: pale alipokataa. Mtu aliyebakiwa na kitenzi kimoja atakitumia hicho hicho. Hata mimi ningekitumia.

Mimi ndiye niliyekuambia utafute yambwa. Sikukuambia umwache mumeo awe yambwa siku zote.

Hujanieleza kwamba ulimuuliza. Umenieleza kwamba uliamua, kisha ukamwarifu. Najua kwa nini. Unaogopa jibu lake. Ukimuuliza kama anataka kubaki, huenda akasema hataki, na wewe hujui utafanya nini na mabega hayo. Hata hivyo muulize. Usimbembeleze na usimlilie. Muulize kama ulivyomuuliza zamani kama atakuoa, maana nakumbuka ni wewe uliyeuliza. Kisha ngoja. Shemeji mwambie naye angoje. Wenye vijana watatu wana nafasi ya kungoja.

Ukimwacha aende kwa kuwa amesema, utahuzunika. Ukimwacha aende kwa kuwa hukuuliza, hiyo si huzuni, ni kitu kingine, na mimi sitakuwa na dawa yake.

Bango la shule limerekebishwa. Niliwaandikia.

Jana nilishuka hadi pale ngazi zinapokata kona, nikasimama, nikarudi. Mchonga funguo alinyoosha mkono kunishika. Nikamwambia aulize kwanza. Akauliza. Nikamwambia la, ahsante. Nilipanda vizuri siku hiyo.

Shangazi yako


3 Septemba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hongera kwa kona ya ngazi. Sitasema zaidi.

Binti yetu amekuja na kurudi chuoni. Alimnyoa baba yake kila siku na kumsomea magazeti kwa sauti ya mtangazaji, mpaka baba mtu akamwambia apunguze, yeye amelala mkono, hakulala masikio. Sare za madereva zinaendelea.

Nilimuuliza, Shangazi. Ilikuwa Jumapili asubuhi, yuko kitini karibu na mlango wa nyuma, miguu juani. Nikachukua kigoda nikakaa, nikawa chini yake.

Nikasema, "Kaka yako anataka uende kwake. Mimi nataka ubaki. Mwalimu anaweza kuja, na anaweza asije. Wewe unatakaje?"

Kisha akasema, "Nikisema niende?"

Hapo nilitaka kuondoka na kigoda changu. "Nitakufungia nguo," nikasema. "Nitalia, na utaenda."

"Na nikisema nibaki, ukaniangusha tena?"

"Tutalala sakafuni tena."

Akatazama miguu yake. "Yule mtu wako huvaa nini?"

"Kaptula."

"Avae suruali. Siwezi kukumbatiwa na magoti ya mtu nisiyemjua."

"Nitamwambia."

"Na asinihesabie kwa sauti. Moja, mbili, kama mtoto."

"Kuhesabu ndiyo kazi yake."

"Ahesabu moyoni. Na kabla ya yote aje aketi hapa, nimuulize maneno mimi mwenyewe. Sijasema ndiyo. Nimesema nimuulize."

Mwalimu alikuja Alhamisi, suruali ya kitambaa, imepigwa pasi, inambana mapajani. Nikampa kigoda. Mume wangu alimhoji kama alivyokuwa akiwahoji vibarua wa kumshikia ngazi.

"Umewahi kuangusha mtu?"

"Vyuma, ndiyo. Mtu, bado."

"Bado?"

"Sitaki kukudanganya, mzee."

"Mimi si mzee."

"Basi, fundi."

"Fundi ni sawa. Ukiniangusha utafanyaje?"

"Nitaanguka nawe. Ndivyo mtaalamu alivyotufundisha: ukishindwa kumzuia, mshike, mshuke pamoja polepole."

Mume wangu akanitazama. "Sisi hilo la kushuka tunalijua. Polepole ndiyo hatujui." Akamgeukia tena. "Na nikiwa nimekaza mwili?"

"Nitakuuliza unaogopa nini."

"Na nisipokuambia?"

"Tutakaa, tunywe chai."

Akamwambia, "Nitafikiri." Mlangoni mwalimu alininong'oneza arudi lini kuchukua jibu. Nikamwambia sijui, akitaka kujua amuulize mwenyewe, kwa hili si mimi ninayemwajiri. Akarudi hatua mbili akauliza. "Nikimaliza kufikiri," mume wangu akasema, "nitakuita."

Shemeji alipopiga simu nikampa simu mume wangu. Nilimsikia akisema, "Kaka, usinisukume, nafikiri."

Asubuhi bado namwinua mwenyewe, kwa namna niliyofundishwa. Ila sasa nauliza kwanza, "Tayari?" Siku nyingine anasema bado, nangoja, na kazini nachelewa. Msimamizi amenikata jicho. Nimemwacha na jicho lake.

Nakwambia kweli, naogopa. Anaweza kukubali mwalimu, anaweza kumkataa na kubaki na mimi tu, anaweza kumwambia kaka yake alete gari. Huko nyuma, kila kitu kilichoamuliwa ndani ya nyumba hii tangu augue kiliamuliwa na daktari, au shemeji, au mimi. Hili ni la kwanza linalongoja neno lake. Na hana haraka nalo, Shangazi. Anakaa mlangoni nalo, ananyoosha shingo kutazama wapita njia, na jana niliposhindwa kuvumilia, nikimpa chai nikamuuliza, "Umefika wapi?"

"Njiani," akasema, akapuliza chai yake.

Basi nangoja. Akishaamua, uamuzi wowote ule, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Mwanao,
Sindano